Dada wa Wete, kompyuta yake kongwe na Windows ya kuhamia

Kuna dada wa Wete, Pemba, kaniletea swali na nimeona nilijibu kwa urefu maana wenye hali kama yake visiwani kwetu ni wengi sana. Ana duka la steshenari karibu na skuli, anachapa mitihani ya skuli na ya madrasa, anatoa fotokopi, anawajazia vijana fomu za vyuo mtandaoni. Mashine yake ni Dell OptiPlex 780 ya mezani, prosesa (ule ubongo wa mashine) Core 2 Duo E8400, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 2GB, hadi diski (hard disk, ya kutunzia faili) ya 160GB, Windows 7 ya biti 32, printa HP LaserJet P1102. Tabu zake tatu: Chrome kila siku inamwambia haiapdetiki tena, baadhi ya tovuti za fomu hazifunguki kabisa, na asubuhi akiiwasha mashine anamaliza kufagia duka zima haijawa tayari. Sasa kuna kijana kamwambia ampe elfu ishirini atamwekea Windows 11 na tabu zote zitakwisha. Anauliza ampe? Au aweke Windows 10? Au anunue mashine nyengine? Na faili zake za miaka yote zitasalimika?

Dada yangu, salamu zako zimefika, wa-alaykum salaam. Nnaanza na la haraka: hiyo elfu ishirini usiitoe. Simsemi vibaya huyo kijana, pengine kishaziweka nyingi na zikakubali, lakini yako haitokubali hata akija fundi bingwa, kwa sababu ya prosesa.

Iko hivi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 Microsoft waliweka masharti, prosesa iwe kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu kwa zilizo nyingi, RAM isipungue 4GB, nafasi 64GB, halafu kuna kile kichipu cha ulinzi TPM 2.0 na ile Secure Boot ya kwenye UEFI, programu ya ndani inayoiwasha mashine. Mafundi wakazipata njia za kuyaruka masharti hayo na kweli zilifanya kazi, mie mwenyewe nimeziwekea mashine za i5 kizazi cha 3 na cha 4 na hadi leo zinatembea. Ilipokuja toleo la 24H2 mwaka 2024, Windows yenyewe ikaanza kutumia amri za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT, na hapo hakuna pa kurukia, prosesa ama inazijua amri hizo ama haizijui, na Core 2 Duo haizijui, zimekuja na Core i za mwanzo baada yake. Ukilazimisha mashine haiwaki, inajizima na kujiwasha tu mpaka uchoke. Atatokea wa kukwambia basi nikuwekee toleo la nyuma, 23H2. Hilo linawaka. Lakini kwa Windows za aina ya Home na Pro apdeti zake zilisita Novemba 2025, kwa hivo utakuwa umehama nyumba iliyokatwa maji ukaingia nyengine iliyokatwa maji, na kodi umelipa.

Lakini kukaa na Windows 7 nako sikushauri, khasa kwa kazi yako. Apdeti zake zilikwisha tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliiacha mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 ndo la mwisho, ndo maana unaona ule ujumbe kila siku, na tovuti zinazotengenezwa sasa hivi zinataka brauza mpya, kwa hivo fomu zitazidi kukataa moja baada ya moja. Na wewe si mtu anaetumia kompyuta peke yake chumbani, wewe unachomekewa flashi za watu kutwa nzima, flashi iliyotoka kwenye mashine ya ofisi fulani, ikaenda kwa mwalimu, ikaja kwako, ikarudi. Wale virusi wanaoficha mafolda ya watu na kuweka shotikati mahala pake, nna uhakika unawajua kwa sura. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia na kuzifunga faili za watu wakitakiwa walipe ndo wafunguliwe, mashine nyingi zilizoliwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazijaapdetiwa, na wakati ule Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa. Mitihani ya skuli imo kwenye mashine yako, fomu za watoto wa watu na nambari zao zimo humo. Hiyo ni amana dada yangu.

Kabla hatujafika huko, nitazamie kitu kimoja kidogo. Ukiiwasha asubuhi, ile saa na tarehe pembeni chini iko sawa? Kama kila siku inarudi nyuma miaka kumi na kitu, basi betri ya kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa, ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Tarehe ikiwa si sahihi tovuti zenye ule mfano wa kufuli hazifunguki kwa sababu brauza inaona cheti cha tovuti hakijaanza kazi, na watu wengi wameuziwa Windows mpya kwa tatizo la betri ambayo ni kitu rakhisi kabisa. Kwako sidhani kama ndo tatizo lote, Chrome kuachwa ni kweli, lakini ibadilishe tu hata kama saa iko sawa, mashine ya umri huo betri yake haina muda.

Sasa la faili, na hapa naomba unisikilize kuliko pengine pote.

Mwaka 2016, ule muda Microsoft walipokuwa wanatoa Windows 10 bure kwa wenye Windows 7, mpaka Julai ile, madrasa moja ya Ng'ambo, hapa mjini Unguja, waliniletea kompyuta yao niipandishe. Ilikuwa inatembea vizuri tu, polepole lakini inatembea. Nikaanza kupandisha juu kwa juu bila ya kutoa nakala, nikijiambia faili hubaki, na kweli kwa kawaida hubaki. Hadi diski yake ilikuwa ya miaka saba. Kule kuandika na kusoma saa tatu mfululizo haikuwahi kufanyishwa kazi kama ile maishani mwake, ilipofika nusu ikaanza kugonga, tik, tik, na haikuonekana tena. Majina ya wanafunzi wote tangu 2011, karatasi za mitihani, orodha za ada, vyote vikaenda. Maalim wa pale hakunigombeza, alikaa kimya akasema alhamdulillah tutaandika upya, na kule kutonigombeza ndo kuliniuma mpaka leo. Tangu siku ile mashine ya mtu siigusi mpaka nakala iwe nje na nimeifungua kwa macho yangu kwenye kompyuta nyengine.

Kwa hivo tafuta hadi diski ya nje, hata ya kuazima, na uhamishe kila kitu. Usichukue Documents peke yake, tizama Desktop, Downloads, na yale mafolda ambayo watu huyatupa moja kwa moja kwenye C. Washa kwanza ile ya kuonesha faili zilizofichwa maana kama virusi vya shotikati vishapita basi nusu ya kazi zako zimefichwa na huzioni ingawa zipo. Kwenye brauza kama umehifadhi paswedi zinakili pembeni. Ukimaliza ipeleke diski kwenye kompyuta nyengine, fungua mtihani wa mwaka juzi, fungua wa mwaka jana, fungua wa Kiarabu. Ikifunguka ndo umenakili, vyenginevyo bado.

Na wakati uko hapo iinstoli programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo uone afya ya hadi diski. Ikiwa buluu iko sawa, njano imeanza kuumwa, nyekundu toa faili leo hii usingoje kesho.

Haya, tuje kwenye pesa. Kanuni yangu kwa mashine kongwe ni kwamba pesa iende kwenye kitu utakachoweza kuhama nacho. Mashine yako ni ya mwaka 2009 hivi, na hata tukiihudumia vipi, siku moja utaiacha. Basi kila shilingi unayoitoa sasa uliza, nikinunua mashine nyengine kitu hichi nitakwenda nacho?

SSD, ile diski ya kisasa inayoshika nafasi ya hadi diski, utakwenda nayo. Nunua ya inchi 2.5 ya SATA, 240GB inakutosha sana, waya zake ni zile zile za hadi diski uliyonayo, haihitaji ufundi wa ajabu, na siku ukinunua dekstopu mpya zaidi unaichomoa huku unaichomeka kule. Na hii ndo dawa ya ule ugonjwa wako wa kufagia duka zima. Hadi diski ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta, kila faili ndogo mkono uende urudi, na Windows ikiwaka inasoma maelfu ya faili ndogo ndogo, SSD haina sahani wala mkono. SATA ya mashine yako ni ya zamani, kasi yake haivuki nusu ya uwezo wa SSD za leo, usijali hilo, utaona tofauti ya usiku na mchana hata hivo. Nimeshawahi kubadilisha SSD peke yake, Windows ileile, RAM ileile, mwenye mashine akadhani nimemletea nyengine.

RAM hutokwenda nayo. Mashine yako inakula RAM ya aina ya DDR3, na zile utakazokuja kununua mbele zinakula DDR4, haziingiliani hata tundu. Kwa hivo RAM nunua ya mtumba, kidogo, ifike 4GB, na ukipata 8GB kwa bei nzuri sawa lakini usijikamue. Na hapa kuna mtego ambao umewala wengi: OptiPlex 760 ambayo kwa sura inafanana na yako inatumia DDR2, yako 780 ni DDR3, kwa hivo chomoa moja uende nayo dukani kama mfano. Jengine, ukinunua kijiti cha 4GB kihesabu vile vichipu vyeusi, kiwe na kumi na sita, nane upande huu na nane upande wa pili. Vile vyenye vichipu upande mmoja tu mashine za Core 2 zinavikataa, mashine haioneshi picha, fundi anakwambia madabodi imekufa kumbe ni kijiti si chake.

Ukiifungua sipiyu, yaani lile kasha la mashine, tumia mswaki mkavu na kifutio cha penseli. Hewa yetu ya chumvi inazila zile meno za dhahabu za RAM taratibu, zinapata utando hauonekani vizuri, unasugua na kifutio mara mbili tatu, unapangusa kwa kitambaa kikavu, unarudisha. Mashine ngapi za hapa mjini zimetangazwa zimekufa zikafufuka kwa kifutio. Na kama feni ya prosesa inapiga kelele, ile dawa nyeupe ya kati ya prosesa na chuma chake ishakauka, ibadilishwe.

Sasa ndo tuje kwenye swali lako, niweke nini.

Kwanza ujue kwamba hata uweke ipi, kupandisha juu kwa juu hakupo. Windows yako ni ya biti 32, na biti 32 haiwezi kutumia RAM zaidi ya kama 3GB na nusu hata ukiijaza. Prosesa yako lakini ni ya biti 64, uliwekewa ya 32 tu kwa sababu RAM ilikuwa kidogo. Kutoka 32 kwenda 64 lazima uinstoli upya kuanzia mwanzo, ndo maana nimekupigia kelele za nakala.

Windows 10 itawaka kwenye mashine yako, na ikiwa na SSD na RAM ya 4GB inatumika, si ya mbio lakini inatumika. Shida yake ni umri. Ilitoka Julai 2015 na apdeti zake za kawaida zilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wameongeza apdeti za usalama kwa watu wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026 kwa anaejiandikisha. Chrome na Firefox bado zinaihudumia kwa hivo fomu zako zitafunguka. Shida ya pili ni leseni. Ile stika ya Windows 7 iliyobandikwa kwenye sipiyu zamani ilikuwa inakubali kuiwasha Windows 10, mlango huo Microsoft waliufunga Septemba 2023. Na vile viprogramu vya kukraki leseni nakuomba sana usiviruhusu dukani kwako, mtu anakizima kilinda virusi kwanza ndo akiwashe, fikiria mwenyewe mwizi anaekwambia mfunge mbwa kwanza ndo niingie.

Njia ya pili ni Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ile ya sura ya Xfce ambayo ni nyepesi. Ni ya bure halali kabisa, huibi wala hukraki, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Inahitaji RAM 2GB na wao wenyewe wanapendekeza 4GB. Chini kuna menyu kama ya Windows uliyoizoea, Firefox imo mpya, LibreOffice imo ya kuandikia. Na kubwa kwa mtu wa steshenari, wale virusi wa shotikati wa flashi wameandikiwa Windows, kwenye Mint wanalala tu, unamfungulia mteja flashi yake unayaona mafolda yake yaliyofichwa bila wasiwasi. Hilo peke yake wateja wako watalipenda.

Kama ingekuwa mashine yangu na kazi ni yako, ningeweka Mint. Lakini nisikufiche palipo pagumu, maana ndo patakapokuudhi.

Pagumu pa kwanza ni printa. P1102 kwenye Linux inafanya kazi lakini inataka kijiprogramu cha ziada kutoka HP, bila yake inatambulika jina na haitoi karatasi. Unafungua ile teminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika hp-plugin, unabonyeza enta, inajishusha kutoka mtandaoni, unakubali, unazima printa unaiwasha. Mara moja tu.

Pa pili ni Word za wateja. Mwalimu analeta mtihani kaandika kwa Word, una jedwali na michoro na mistari ya nukta ya kujazia, ukiufungua kwenye LibreOffice kwa kawaida unakuja sawa, mara nyengine jedwali linasogea na swali la 12 linaruka ukurasa. Fonti za Times New Roman na Arial Mint ina zake zenye upana uleule kwa hivo maneno hayahami mstari ovyo, lakini michoro ya Word ndo yenye fitina. Dawa ni kuwazoesha wateja walete PDF kwa kuchapa na Word kwa kurekebisha. Baadhi watakubali, baadhi watakutazama tu.

Pa tatu ni Kiarabu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu mitihani ya madrasa ndo mkate wako na mafundi wengi hawaigusi habari hii. Karatasi zako za Kiarabu bila shaka zimeandikwa kwa Traditional Arabic au Simplified Arabic. Fonti hizi kwenye Windows 7 zilikuwemo zenyewe. Kwenye Windows 10 ukiinstoli upya hazimo! Ukifungua mtihani wa zamani utaona herufi zimebadilika sura, mistari imeongezeka, irabu zinagongana na mstari wa juu, utadhani faili limeharibika. Halijaharibika, nenda kwenye setingi, Optional features, uongeze ile iitwayo Arabic Script Supplemental Fonts, au ongeza lugha ya Kiarabu tu na fonti zitajileta, basi karatasi inarudi kama ilivyokuwa. Kwenye Mint, ndani ya LibreOffice ingia Tools, Options, sehemu ya lugha, uwashe ile ya Complex text layout, ndo utapata kitufe cha kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Kibodi ya Kiarabu unaiongeza kwenye setingi za kibodi na unabadilisha kwa vitufe viwili. Fonti ninayokushauri ni Amiri, ya bure, naskhi nzuri mno yenye kubeba irabu zote bila kugongana, waliichora kwa kufuata herufi za matbaa ya zamani ya Bulaq kule Cairo. Nilimuonesha maalim mmoja karatasi ya Amiri akauliza huyu khattati nani. Ila mtihani wa zamani ukiubadilisha fonti upitie ukurasa kwa ukurasa, mistari itasogea.

Uzuri ni kwamba haya yote huna haja ya kuniamini kwa maneno. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila ya kugusa kitu ndani ya mashine. Flashi ya 8GB, faili lenyewe ni kama 3GB hivi, kwa hivo kama bando ni dogo mwambie mtu mwenye waifai nzuri Chake Chake akushushie. Unaiandika kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus, na kwa mashine yako ukiulizwa chagua MBR maana mashine yako inawashwa na BIOS ya kizamani, si UEFI. Unachomeka, unawasha, unapiga piga F12 mpaka itoke orodha, unachagua USB. Itakuwa polepole kwa sababu inasoma kutoka flashi na RAM yako ndogo, usiihukumu kwa kasi. Mtizamie mambo matatu tu: mtandao unashika, printa inatoa karatasi, na mitihani yako mitano ya zamani, miwili ya Kiarabu, inafunguka inavyotakiwa. Yakikubali matatu, weka Mint. Ikiwa jedwali zinakuvuruga kila faili na wateja wako wote ni watu wa Word, weka Windows 10 kwa leseni halali, jiandikishe zile apdeti, na uhisabu kwamba umejinunulia muda wa kukusanya pesa.

Siku ya kuweka, ichomoe hadi diski ya zamani kabisa, waya wake wa umeme na wa data, uiache SSD peke yake. Wako watu wamefomati diski yenye faili kwa sababu zote mbili zilikuwa ndani na majina yamefanana, mchana umeme unachezacheza kichwa kimechoka unabonyeza tu. Ikiwa diski haimo huwezi kuifomati. Na umeme wenyewe, Pemba tangu 2010 mnakula wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, si kama enzi za jenereta za Wesha, lakini bado azima UPS, kile kisanduku cha betri, siku hiyo, ukikatika katikati ya kuinstoli unaanza upya na pengine usiku umeshaingia. Mint kwenye SSD haichukui saa nzima. Windows 10 nayo inawahi kuwaka lakini apdeti zake zitakuchukua jioni nzima na bando lako lote, ihesabie.

La kununua mashine nyengine. Ndio, lakini si leo kwa haraka, kusanya. Siku ukienda, Darajani au popote, muuzaji atakwambia hii i5 dada, i5 safi. i5 peke yake haina maana, ziko i5 za 2010 na ziko za juzijuzi. Soma nambari baada ya kistari. i5-3470, ya mwanzo ni 3, kizazi cha 3, Windows 11 haiitaki. i5-8500, ya mwanzo ni 8, hiyo ndo. i3-8100 nayo ni kizazi cha 8 na inatosha kabisa kwa steshenari, kwa hivo usimkatae i3 wa juzi ukamchukua i5 wa zamani kwa sababu ya jina. Kwa Dell tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, kwa HP ile EliteDesk 800 G4. Mwambie aiwashe mbele yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome iseme 2.0. Halafu SSD yako unaichomoa Wete unaichomeka humo, na faili zako zimo kwenye ile diski ya nje.

Hadi diski ya zamani, ile 160GB, usiifomati na usimpe mtu. Ibandike karatasi uandike tarehe uliyoichomoa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uiweke kabatini mbali na jua. Iache humo japo miezi sita, mpaka mitihani ya mihula miwili ipite, maana kuna faili moja utalikumbuka siku mwalimu atakapokuja kulitaka.